Fedha za Msiba Zipo, za Komeo Hazipo

Mvua ikikosea Meatu, vikongwe huuawa zaidi. Ikatae kabisa au imwagike hadi mashamba yageuke madimbwi, matokeo ni yale yale. Mchumi wa Kimarekani Edward Miguel alikusanya kumbukumbu za vijiji 67 vya wilaya hiyo, ambayo leo iko mkoani Simiyu, na mwaka 2005 akachapisha alichokiona: katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa kama mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi ndugu zao walihusika.

Matokeo hayo yanapaswa kumsumbua kila anayechangisha fedha au kuandaa kampeni ya kupinga ukatili dhidi ya wazee, kwa sababu yanagusa jambo ambalo kampeni zetu hulikwepa. Tukizungumzia mauaji ya vikongwe tunaanza na imani potofu na tunaishia hapo hapo. Imani ipo, hakuna anayebisha. Lakini imani haipandi na kushuka kwa kufuata mvua. Watu wa Meatu waliamini uchawi mwaka wa neema kama walivyouamini mwaka wa njaa. Kilichobadilika ni ghala. Nyumba yenye watu wengi na chakula kidogo humwona bibi asiyeweza kulima kama mzigo, kisha mpiga ramli humpa mzigo huo jina baya, na aliyekuwa mama wa watu anakuwa adui wa ukoo. Swali basi ni hili: shilingi tunazochanga kumlinda mzee zinakwenda kwenye imani peke yake, au zinafika mpaka ghalani?

Nisieleweke kwamba tatizo ni la Usukuma tu, yaani eneo la Wasukuma ilipo Meatu, au la uchawi tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hutendewa ukatili wa namna fulani ndani ya mwaka mmoja, na kwamba ni tukio 1 tu kati ya 24 linaloripotiwa. Ukatili mwingi hauna panga. Ni mjukuu anayejua namba ya siri ya simu ya babu na kutoa hela kabla babu hajajua kuwa zimeingia. Ni mama aliyeletwa mjini kutoka kijijini "apumzike", akafanywa yaya wa wajukuu bila ujira na bila hiari ya kurudi kwake. Ni mzee anayelishwa akikumbukwa. Wanaotenda haya mara nyingi ni watu wanaoheshimika, wanasali, na wakichangishwa hutoa. Kwa sababu hiyo kampeni inayomtafuta mkatili nje ya nyumba hurudi mikono mitupu.

Dola ilianza kwa mkono wa chuma. Mwaka 1976, mauaji yalipozidi Mwanza na Shinyanga, mengi yakiwa ya watu waliotuhumiwa uchawi, ilifanyika operesheni kubwa. Washukiwa wa mauaji walikamatwa kwa mamia, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola kwa mateso. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Watanzania hupenda kutaja kujiuzulu kule kama kielelezo cha uwajibikaji, na ni haki yake. Wanaokumbuka kwamba nyuma ya tukio lile kulikuwa na vikongwe waliouawa ni wachache. Na mauaji hayakukoma. Kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 walihesabiwa kuuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa wakiwa wa Usukuma. Miongo mitatu baadaye, mwaka 2013, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu watu 765 waliouawa kwa tuhuma hizo hizo, na 505 kati yao walikuwa wanawake.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikuwepo muda wote huo, pamoja na adhabu ya mauaji. Ila wauaji, wanaoitwa wakata mapanga, hukodiwa, huja usiku na kuondoka usiku, na anayewalipa anaweza kuwa ndiye anayelia kwa sauti kubwa kuliko wote kesho yake. Nani atatoa ushahidi dhidi ya kaka yake kwa kifo cha bibi ambaye ukoo mzima umeshakubaliana kuwa ni mchawi?

Hapo ndipo uhamasishaji ulipoingia. Ukifanywa vizuri, una thamani kubwa, na mfano bora naujua kutoka wilaya ya Magu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la HelpAge International na shirika la wenyeji liitwalo Maparece walifanya kazi ya kuwalinda wazee vijijini huko. Walitumia nyimbo, ngoma na maigizo, jambo lenye akili katika nchi ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi na wimbo wa kejeli unaweza kuwa na nguvu kuliko barua ya mkuu wa wilaya. Waliwafunza watu wa vijijini misingi ya sheria. Walikarabati nyumba za wazee. Kisha wakafanya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani limepotea njia: walijenga majiko.

Maelezo yake ni haya. Sehemu kubwa za Usukuma hazina miti ya kutosha. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o, mifugo na mashamba yakamalizia kilichobaki. Mwanamke asiye na nguvu ya kwenda mbali kutafuta kuni hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na mabua, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, miaka arobaini au hamsini. Moshi huo humfanya awe na macho mekundu. Na macho mekundu kwa bibi, kwa wengi wa kule, ni ushahidi tosha wa uchawi. Mpiga ramli hahitaji hata kupiga ramli. Anasema tu, mtafuteni mwenye macho mekundu. Kila kijiji kina bibi wa namna hiyo, kwa kuwa kila kijiji kina moshi.

Jiko banifu linalopunguza moshi, basi, linaondoa ushahidi. Linafundisha pia: jirani akiona macho ya bibi yanaanza kutakata baada ya jiko kubadilishwa, ameelewa jambo ambalo semina ya siku tatu isingemwelewesha. Ndiyo maana sipendi mabishano ya kwamba hiki ni "uhamasishaji" na kile ni "msaada wa vitu". Jiko lile lilikuwa yote mawili, na kwa gharama ndogo kuliko turubai na spika za mkutano mmoja.

Nimetaja turubai makusudi. Tuna siku mbili za wazee kwenye kalenda. Juni 15 ni siku ya dunia ya kupinga ukatili dhidi ya wazee, iliyoanza kuadhimishwa 2006 na kutambuliwa rasmi na Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 2011. Oktoba 1 ni Siku ya Wazee Duniani. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya maandalizi anaijua bajeti bila kuonyeshwa: fulana na kofia, maturubai, viti vya plastiki, kipaza sauti, maji ya chupa, posho za waandishi, mafuta ya gari la mgeni rasmi. Kunakuwa na maandamano mafupi, ngoma, risala inayosomwa na mzee aliyepewa miwani ya kuazima, na hotuba inayoahidi kwamba "serikali inalifanyia kazi". Saa nane mchana wazee wanapanda gari kurudi makwao na fulana. Fulana ni nzuri, haina ubaya. Lakini mkata mapanga haisomi.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba sisi si watu wasiojua kuchanga. Hakuna mchezo nchini unaochezwa na wengi kuliko michango. Kadi ya harusi inakufikia na kiwango kimeshaandikwa. Kundi la WhatsApp linafunguliwa na orodha inaanza kushuka: namba, jina, ahadi, "ametoa". Kenya harambee ilikua hadi ikawa jukwaa la siasa, mpaka Julai 2024 Rais William Ruto akawakataza maofisa wa serikali kushiriki. Na kwenye msiba ndipo tunapotisha. Mzee akifariki asubuhi, kufikia adhuhuri kuna mwekahazina, kuna daftari, kuna Coaster ya kupeleka watu kijijini, kuna masufuria makubwa ambayo hujui yalitoka wapi. Chama cha kufa na kuzikana hakikosi mtaa. Marehemu huyo huyo mwezi uliopita alikuwa akilala nyumba ambayo mlango wake unafungwa kwa kamba, na hakuna aliyepitisha daftari kwa ajili ya komeo.

Kwa nini? Si kwa kukosa huruma. Msiba una tarehe, una daftari na una aibu: usipotoa, utajulikana, na siku yako itafika. Ukatili dhidi ya mzee hauna hata kimoja. Hauna siku ya kuanza, hauna mwekahazina, na aibu yake inaangukia upande usiostahili, kwa mzee mwenyewe, ambaye anaona bora aumie kimya kuliko kumtangaza mwanawe. Mchangishaji mwenye akili ataazima vitu hivyo vitatu kutoka kwenye msiba. Atapanga tarehe, na hapo Juni 15 inaweza kufaa kweli: usomaji wa daftari hadharani, fedha zilizoingia na kazi iliyofanyika, mbele ya watu wanaokaa mtaa ule ule. Huko Bujora, nje kidogo ya Mwanza, sherehe za Bulabo hukusanya wacheza ngoma kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi, ambayo mara nyingi huangukia Juni. Mkutano upo tayari, watu wapo tayari. Hauhitaji turubai lingine.

Ipo tahadhari moja ambayo wachangishaji wageni huisahau. Ukichanga kwa jina la bibi fulani "anayetuhumiwa", umemtangaza. Aliyekuwa akisemwa vichochoroni sasa amethibitishwa na bango. Kazi ifanywe kwa wazee wote wa kitongoji, wenye tuhuma na wasio nazo, ili fundi akipita nyumba hadi nyumba asiwe anamchora mtu. Picha nazo ni vilevile. Tunajua zile ziara za makazi ya wazee kama Kolandoto Shinyanga au Bukumbi Mwanza: mchele, sabuni na mafuta ya kupikia vimepangwa mbele, wageni wamechuchumaa nyuma, mzee katikati hajui picha inakwenda wapi. Mchele unaliwa na unasaidia. Picha ilimhitaji zaidi aliyepiga.

Kilifi, pwani ya Kenya, inatuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Huko wanaowindwa zaidi ni wanaume. Babu mwenye mvi na shamba anatuhumiwa uchawi, na mara kwa mara anayemtuhumu ni kijana anayelisubiri shamba hilo. Wazee wamefikia hatua ya kupaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Katika Kaya Godoma, huko Ganze, waliokoswakoswa wamepewa hifadhi, na kazi hiyo inastahili kila senti inayochangwa, kwa sababu bila hiyo wengine wangekuwa makaburini. Lakini tuseme ukweli wote. Mzee akiwa kambini, shamba liko mikononi mwa aliyetaka kumuua. Uokoaji ukiishia kwenye uokoaji, mtuhumu amepata alichokitaka bila hata kumwaga damu. Ndiyo maana fungu la mchango lazima liende kwa msaidizi wa sheria, kwenye nauli ya mashahidi na kwenye karatasi za ardhi. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu mtu kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, mjane akiwemo. Mjane mwenye hati bado anaweza kuuawa, lakini kumuua hakumpi mtu shamba kwa urahisi ule wa zamani, na hesabu ya muuaji mara nyingi ni hesabu ya shamba.

Kisii, magharibi mwa Kenya, haikuwa tofauti sana kwa ukatili wake. Oktoba 2021 wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa kwa kuchomwa moto Marani kwa tuhuma za uchawi. Kenya ilikuwa na Katiba ya 2010 ambayo ibara yake ya 57 inatamka haki ya wazee kuishi kwa heshima na bila kunyanyaswa. Ibara haikusikika kijijini siku ile.

Turudi kwenye ghala. Miguel mwenyewe alipendekeza pensheni, akitaja jimbo la kaskazini la Afrika Kusini, ambalo sasa linaitwa Limpopo: mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalipungua sana baada ya pensheni ya wazee kupanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siasa ya nchi ile ilikuwa inabadilika wakati huo huo, kwa hiyo si haki kuipa pensheni sifa zote. Lakini mantiki yake haihitaji profesa. Bibi anayepokea fedha kila mwezi ni mtu ambaye nyumba ingependa aishi.

Zanzibar ilithubutu. Aprili 2016 ilianza Pensheni Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya inatoa shilingi zake 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Bara kuna TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii unaolenga kaya masikini, si wazee kwa uzee wao. Na lipo jambo la ajabu ambalo halisemwi vya kutosha: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee kama kundi hawamo.

Jamii haiwezi kujaza nafasi ya serikali, na mchango usitumiwe kuipa serikali likizo. Lakini hesabu ndogo inatia moyo. Watu 50 wakitoa elfu moja kila mtu kwa mwezi, wamelipa pensheni ya Zanzibar kwa mzee mmoja. Kwa kikoba cha kawaida hiyo ni hela ya soda. Watu 150 ni wazee watatu. Shida itakuja kwenye kupokea. Fedha ikipita kwenye simu ambayo mjukuu ndiye msemaji wake, tumempa mjukuu mshahara. Kikundi kinachochanga lazima kiwe na mtu, ikiwezekana mwanamke wa makamo anayeaminika na asiye wa ukoo ule, ambaye anapita kila mwezi, anamwona mzee kwa macho, anauliza kama alipata na alinunua nini. Mpitaji huyo ana thamani kuliko fedha yenyewe. Mwenye nia mbaya huangalia kwanza kama kuna anayeulizia.

Na waganga? Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, na ramli chonganishi ikaingia kwenye msamiati wa polisi. Misako huja na kupita. Naona faida zaidi kuwaketisha waganga waliosajiliwa pamoja na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, kwenye mkutano mmoja na kuwafanya waganga watamke mbele ya kijiji kwamba hawatamtaja mtu kwa jina. Neno la hadharani linamfunga msemaji, hasa asiyetaka kupoteza wateja.

Kwenye karatasi mambo yanasogea. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016, ilianza kutumika Novemba 4, 2024, na inazitaka nchi zikomeshe tuhuma za uchawi dhidi ya wazee. Aprili 2025 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda kikosi cha kuandaa mkataba wa dunia wa haki za wazee. Tanzania Bara ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na zaidi ya miaka 20 wazee wameishi na sera bila sheria mahsusi ya kuisimamia. Wakati huo huo fedha za wafadhili zinakauka. Marekani ilifunga shirika lake kubwa la misaada katikati ya 2025, na mashirika mengi ya vijijini yamebaki na ofisi bila petroli. Kwa hiyo michango ya kwetu wenyewe, ambayo ilikuwa nyongeza tu, sehemu nyingine sasa ndiyo bajeti nzima.

Kama wewe ni mwanachama wa kikoba au chama cha kufa na kuzikana, kikao kijacho omba dakika kumi kabla ya kufunga. Andikeni majina ya wazee wote wa mtaa wenu wanaoishi peke yao au na wajukuu wadogo. Mtumeni mtu mmoja na fundi seremala wakatazame milango na majiko, warudi na bei. Mkiona bei, mtashangaa ilivyo ndogo kuliko jeneza mlilochangia mara ya mwisho.